Umbali Ni Cheo

Umma unatangaziwa kwa furaha kubwa kwamba Idara ya Mbwa wa Umma sasa inaongozwa kutoka mbali kuliko idara nyingine yoyote ya serikali. Hatujisifu. Tumepimwa kwa hatua zangu mwenyewe, na hatua zangu ndizo kipimo rasmi. Kama kuna idara ambayo wakubwa wake wako mbali na kazi kuliko sisi, ijitokeze na miguu yake.

Mimi ni Kaimu Mkurugenzi Msaidizi, Mistari na Mipaka. Nimekaimu miaka tisa mfululizo, jambo linaloonyesha imani waliyo nayo kwangu. Mtaani wananiita Bwana Chokaa. Wacha waseme. Wao ndio wanaokanyaga mistari yangu kila siku bila hata kunisalimu.

Kwa faida ya wasiojua, nieleze kwanza. Kila mwaka idara zote hushindana katika wepesi wa mbwa. Uwanjani panapangwa viunzi vya kuruka, nguzo kumi na mbili za kupenya kwa kupindapinda, ubao wa pembea, bomba la turubai la kupita ndani, na mwisho meza ndogo ambayo mbwa hupanda na kutulia sekunde tano. Mbwa anapita vyote kwa mpangilio, mbio, ndani ya sekunde sabini. Zamani mwongozaji alikuwa anakimbia naye ubavuni, ulimi nje, wote wawili. Halafu zikaja kanuni mpya. Unachorwa mstari wa chokaa, mwongozaji anabaki nyuma yake, na mbwa anaelekezwa kwa sauti na mwili tu. Huo ndio unaitwa uongozaji wa mbali, na umezitoa jasho idara nyingi.

Mbwa wetu anaitwa Kifutio. Kwenye daftari la mali ni MB/07, lakini akiwa mdogo alikutwa stoo amekula vifutio pakiti mbili, na jina likamganda. Anayemtunza ni Mama Filimbi, mwajiriwa wa muda. Muda wenyewe umefika miaka kumi na moja. Filimbi alipewa siku ya kwanza ya kazi, siku ya pili ikapotea katika mazingira ya Ofisi ya Ugavi, na tangu hapo anatia vidole viwili mdomoni na kupiga mluzi unaosikika mpaka kwa majirani wa majirani.

Mwaka jana Mama Filimbi alimnoa Kifutio mpaka akawa moto wa kuotea mbali. Lakini siku yenyewe Katibu Mkuu alikuja na wapiga picha, na Mkurugenzi wetu akaona si heshima mama wa muda apigwe picha na yeye yupo. Akachukua nafasi. Akasimama nyuma ya mstari, akanyoosha mkono kwenye kiunzi cha kwanza, akanguruma, "Ruka!" Kifutio akamtazama kuanzia kichwani mpaka chini, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye gari la Mkurugenzi na kuinua mguu.

Tulipata sifuri. Mwamuzi aliongeza aya nzima kuhusu tairi.

Tukaunda kamati. Mama Filimbi aliitwa kutoa maelezo, na maelezo yake nayanukuu kwa masikitiko.

"Bosi," alimwambia Mkurugenzi, "mbwa akiwa mbali hasikilizi sana mdomo. Anatazama bega na vidole vya miguu. Vikielekea wapi, ndiko anakokwenda. Mkono wako ulikuwa kwenye kiunzi, lakini viatu vilikuwa vinaelekea kwenye gari."

"Wewe mama unanifundisha kusimama?"

"Hapana, bosi. Nasema tu vidole vyako viko hivyo hata ofisini. Ikifika saa tano, sote tunavijua."

Karani alipaliwa na chai. Mimi niliangalia dari, na dari ilikuwa safi.

Kamati ilikaa wiki sita na kugundua tatizo halisi. Mkurugenzi alikuwa amesimama karibu mno. Hatua kumi kutoka kwa mbwa, jamani! Mtu wa hadhi ile! Mbwa atamheshimu vipi mtu ambaye anaweza kumnusa? Hapo ndipo ilipozaliwa Kanuni ya Nne, ambayo niliiandika kwa mkono wangu: *Umbali ni cheo. Kadiri afisa alivyo mkubwa, ndivyo atakavyosimama mbali na kazi anayoiongoza, na kadiri alivyo mbali ndivyo alivyo mkubwa.* Hayo maneno ya mwisho niliongeza kwa sababu sentensi ilikuwa inaishia vibaya.

Jedwali likafuata. Karani, hatua kumi. Mimi, arobaini. Mkurugenzi, sitini. Katibu Mkuu, mia moja. Afisa haruhusiwi kuipa kazi mgongo, lazima aitazame. Na kila kituo kiandikwe katika Daftari la Vituo, kisainiwe na Mkurugenzi, ndipo kihesabike.

Mafanikio yalionekana mara moja. Mkurugenzi alihamishia meza yake kwenye tangi la maji, hatua sitini kamili kutoka kwenye mafaili yake. Faili lilikuwa linamfikia limechoka. Mzee mmoja aliyefuata kibali cha mbwa wa ulinzi alipiga kelele tangu saa mbili asubuhi, na saa sita akapata jibu. Jibu lilikuwa "Nani?" Miaka ya nyuma asingejibiwa kabisa.

Ndipo ikaja barua ya Katibu Mkuu. Fupi, kavu. Idara ikishindwa tena mwaka huu, MB/07 afutwe kwenye orodha ya mali, apigwe mnada pamoja na viti vibovu, na ajira ya muda ya mtunzaji ikome siku hiyo hiyo. Kuhusu Mkurugenzi, barua ilimtakia afya njema.

Mama Filimbi alinifuata ofisini na barua hiyo mkononi. Kifutio alikuwa nyuma yake, akalala juu ya viatu vyangu, maana mbwa huyu hajui tofauti ya mtu na mtu.

"Bwana Chokaa, huyu nimemlisha kwa kijiko," akasema. "Mama yake alikufia hapa hapa chini ya ngazi, na nyinyi mkaniandikia nieleze upungufu wa mali. Leo mnataka mumuuze na viti?"

"Si sisi, Mama. Ni barua."

"Basi niacheni nimwongoze mwenyewe. Siku moja tu. Akishindwa na mimi, sitasema neno."

"Wewe huna cheo, Mama. Jedwali halikutaji. Nikuweke wapi?"

"Niweke popote anaponiona."

Alikuwa analia bila kutoa sauti. Nilimwonea huruma, sifichi. Hata nikaiandika huruma hiyo pembeni mwa barua, kwa penseli, ili isije ikachukuliwa kuwa msimamo wa idara.

Kesho yake tulifanya mazoezi, yakaenda mrama. Mkurugenzi alikuwa kwenye hatua sitini na kipaza sauti, anatoa amri, na Kifutio anamtazama Mama Filimbi ambaye alikuwa anafagia tu kando ya uwanja. Mama akifagia kulia, mbwa kulia. Mama akiinama kuokota takataka, mbwa anajilaza. Mkurugenzi akavimba kama andazi.

"Mtoe huyo! Ananichanganyia mbwa!"

"Nimpeleke wapi, mzee?"

"Nje! Nje ya geti! Ng'ambo ya barabara huko! Nisimwone karibu na mimi!"

Amri ni amri. Nikamsindikiza huku nahesabu. Tukatoka getini, tukavuka barabara, mpaka kwa fundi wa matairi, penye lundo la matairi chakavu lililozidi kimo cha mtu. Hatua mia mbili na kumi na mbili. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kubahatisha, nikafungua Daftari la Vituo na kuandika: *Mtunza mbwa, hatua 212.* Nikampelekea Mkurugenzi. Akasaini bila kusoma. Ilikuwa saa tano na dakika moja, na vidole vyake vilishaelekea kwenye gari.

Siku ya mashindano ilifika na jua lake, hapo hapo uwanjani kwetu. Tangu asubuhi mbwa wa idara nyingine walikuwa wanapotea mahali pale pale, ambapo mdomo wa bomba na mguu wa ubao wa pembea vimewekwa bega kwa bega, na mbwa akiwa mbali na mwenye kumwongoza hajui achague kipi. Mbwa wa Idara ya Vipimo aliingia bombani akakataa kutoka. Mbwa wa Idara ya Uratibu alikaa katikati ya vyote viwili akaanza kulia.

Mwamuzi alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mkavu mwenye miwani ya kamba, mtu wa kusoma kila karatasi mpaka upande wa nyuma. Alikuwa ameomba kanuni za kila idara pamoja na madaftari yao, akayapanga mezani kwake. Yetu ilikuwa juu. Nilijisikia fahari.

Tukachukua vituo. Karani kumi, mimi arobaini, Mkurugenzi sitini. Katibu Mkuu alikuwa hatua mia, chini ya mwavuli, na darubini shingoni kwa sababu kwa macho matupu alikuwa anaona vumbi tu.

Kengele ikalia. Mkurugenzi akafungua karatasi.

"Kwa mujibu wa ratiba iliyoambatanishwa, MB/07 anaelekezwa kuruka kiunzi namba moja!"

"MB/07 anaelekezwa kuruka namba moja!" nikapokea.

"Wee, ruka!" karani akamalizia.

Kifutio akamtazama karani, akanitazama mimi, akamtazama Mkurugenzi. Yaani aliheshimu ngazi zote. Halafu akatazama viatu. Viatu vya Mkurugenzi vilikuwa vinaelekea kwenye hema la chai. Vyangu, kama ilivyo desturi yangu, vilikuwa vinaelekea vilikoelekea vya Mkurugenzi. Kifutio akakimbia mpaka hemani, akarudi na pakiti ya biskuti, akaiweka chini mbele ya Mkurugenzi, akatikisa mkia. Katika historia ya idara sijaona agizo lililotekelezwa kwa usahihi kama lile.

"Sekunde ishirini na tano!" mwamuzi akasema.

Watu wakaangua kicheko. Mkurugenzi akaipiga teke pakiti. Mimi nikawaza viti vibovu, na nikajikuta nimeshika kichwa.

Hapo ndipo mluzi ulipokata hewa.

Kifutio alisimama wima kama aliyeitwa jina lake kwenye mgao. Geti lilikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara, juu kabisa ya lundo la matairi, alisimama Mama Filimbi. Alikuwa amevua viatu ili vidole vionekane. Akatupa mkono mbele, vidole vya miguu vikafuata, na Kifutio akachomoka.

Jamani, nilichokiona! Kiunzi cha kwanza, cha pili, cha tatu, hata ufito haukutikisika. Mama akazungusha kiuno, Kifutio akazama kwenye nguzo, akapindapinda kushoto kulia kushoto kulia, mkia umebaki nyuma unajaribu kumfikia. Nguzo kumi na mbili zote! Fundi wa matairi alikuwa chini anashikilia lundo lisiporomoke, anapiga kelele, "Twende, Kifutio! Twende, baba!" Mkurugenzi naye hakukaa kimya. Alikuwa anapuliza kipaza sauti, "Bomba! Nasema bomba!" na zamu ya bomba ilikuwa bado.

Mbwa akafika pale pa kupotelea. Bomba huku, ubao huku. Mama Filimbi hakupiga kelele. Aligeuza bega kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni. Kifutio akapanda ubao. Ukalala, akashuka, akazunguka, akaingia bombani, akatokea upande wa pili, akaruka viunzi viwili vya mwisho, akapanda meza. Kule juu ya matairi Mama akainua kiganja, kimya, kitanga wazi. Kaa. Kifutio akakaa. Sekunde tano nzima, hata sikio halikuchezea nzi.

"Sekunde sitini na nane," mwamuzi akasema. "Hakuna kosa hata moja."

Patashika! Kofia hewani, karani analia machozi, mimi nimemkumbatia mtu ambaye hadi leo simjui. Mkurugenzi alishafika mezani kuchukua kombe, tabasamu limetangulia.

"Subiri kwanza," mwalimu akasema. "Nani ameongoza?"

"Mimi, bila shaka. Kutoka hatua sitini."

"Sijaona mbwa akikutii zaidi ya biskuti." Akafungua Daftari la Vituo, akasogeza miwani. "Hapa kuna mtunza mbwa, hatua mia mbili na kumi na mbili. Saini hii ni yako?"

Mkurugenzi akaitazama saini kama anayemtazama mtoto aliyemvunjia dirisha. "Ni yangu."

"Basi ni kituo halali na ushindi ni halali. Kombe ni la idara." Akageuza karatasi, bila shaka asome na upande wa nyuma. "Ila kuna hii Kanuni ya Nne. Kadiri alivyo mbali ndivyo alivyo mkubwa. Nani aliandika?"

Nikainua mkono. Siku hiyo tu natamani ningeuacha mfukoni.

Katibu Mkuu alikuwa amesogea asikie vizuri. "Kwa hiyo huyo mama wa kwenye matairi..."

"Ni mkubwa wako," mwalimu akasema. "Mara mbili na ushei. Tena kwa hapa uliposimama sasa, hatua tatu kutoka mezani, umezidiwa hata na karani."

Sijawahi kuona mtu akishuka cheo kwa macho yangu. Katibu Mkuu alibadilika rangi, akarudi nyuma hatua moja. Halafu mbili. Halafu, akiwa bado anaitazama kazi kama kanuni inavyotaka, akaanza kurudi kinyumenyume kwa kasi.

"Mia na hamsini!" akapaza sauti. "Jamani, andikeni!"

Mkurugenzi kuona bosi wake anamwacha, akatupa kipaza sauti, akarudi kinyumenyume naye. Mimi je? Miaka tisa nakaimu! Nikasema leo ndiyo leo, nikaingia mbioni, mgongo mbele, nahesabu kwa sauti. Tukatoka getini tumebanana. Katibu Mkuu akajikwaa kwenye jeki ya fundi. Mkurugenzi akampita huku akimwomba radhi. Tukapita lundo la matairi.

"Mnakwenda wapi nyie?" Mama Filimbi akauliza kutoka juu.

"Tunapanda cheo!" nikamjibu.

"Haya, mwendo mwema," akasema, na akaanza kushuka kwenda kumkumbatia mbwa wake. Alikuwa analia tena, safari hii kwa sauti.

Hatukusimama mpaka kilimani, penye kituo cha mafuta kilichofungwa. Hatua elfu moja mia mbili na arobaini, mbele yangu Katibu Mkuu kwa hatua nne, nyuma yangu Mkurugenzi ambaye ukuta ulimzuia. Tulipeana mikono kupongezana. Ni hapo tu nilipokumbuka kwamba Daftari la Vituo limebaki mezani kwa mwamuzi, na kituo kisichoandikwa na kusainiwa hakihesabiki. Maana yake, kwa mujibu wa maandishi, mkubwa wetu sote bado ni yule wa hatua mia mbili na kumi na mbili.

Leo ni siku ya sita. Habari tunazipata kwa wapita njia. Kifutio hakuuzwa; vimeuzwa viti peke yake. Barua ya ajira ya kudumu ya Mama Filimbi ilihitaji saini ya afisa wa cheo cha juu kuliko wote katika daftari, basi akaisaini mwenyewe. Yule mzee wa kibali amekipata kwa dakika nne, kutoka kwa karani aliyekuwa hana wa kumsubiri. Foleni imeisha. Hakuna aliyeuliza tuko wapi.

Jana njaa ilituzidi, tukakubaliana kwa kauli moja turudi. Tulikuwa tumeshuka hatua kumi hivi tuliposikia mluzi. Katibu Mkuu akatia darubini machoni.

"Yuko juu ya matairi," akasema. "Ameinua mkono."

"Anatupungia?" Mkurugenzi akauliza.

"Hapana. Kiganja. Kitanga wazi."

Tulitazamana. Kisha Katibu Mkuu akakunja suruali vizuri magotini, akakaa chini. Mkurugenzi akakaa. Nami nikakaa.

Baadaye kidogo Kifutio akaja mbio kutoka bondeni, mfuko wa biskuti mdomoni. Akasimama mbele yetu, akatukagua mmoja mmoja kuanzia vidole vya miguu. Mkurugenzi alishindwa kuvumilia, aliinuka sekunde ya tatu, kwa hiyo hakupewa. Katibu Mkuu alipata moja. Mimi nilipata mbili, na nataka iingie kwenye kumbukumbu kwamba nilitulia sekunde saba.